Uvimbe wa Mlima Kenya uhifadhiwe

Katika maabara za saratani, kuanzia Stockholm hadi Tokyo, kuna seli zinazoitwa Daudi. Zilitoka mwaka 1967 kwenye uvimbe uliokuwa katika tundu la jicho la mvulana wa miaka 16 aliyekuwa akiugua limfoma ya Burkitt. Upande wa Nairobi alikuwepo Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Upande wa Sweden, katika Taasisi ya Karolinska, walikuwepo Eva Klein na mumewe George, waliopokea vinyama vilivyosafirishwa kwa ndege na kuviotesha katika chupa. Seli hizo zinaendelea kugawanyika hadi leo. Mtafiti aliye na kibali na pesa huziagiza kutoka hifadhi za Ulaya na Marekani na kuzipokea baada ya siku chache. Zipo nyingine zilizotoka Uganda mwaka huohuo, ziitwazo Namalwa, ambazo kiwanda kimoja cha dawa kilizitumia kwa miaka mingi kutengenezea interferoni.

Clifford na George Klein hawakuishia hapo. Mwaka 1970, wakishirikiana na Philip Fialkow wa Seattle, waliuliza: uvimbe mmoja huanzia kwenye seli ngapi? Walitumia kimeng'enya kiitwacho G6PD. Katika nchi zilizoishi na malaria kwa karne nyingi, watu wengi hurithi aina tofauti za kimeng'enya hicho, na maelekezo ya kukitengeneza yamo katika kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, na kila seli ya mwili wake huizima moja tangu angali tumboni mwa mamake. Kwa hiyo mwanamke aliyerithi aina A kwa mzazi mmoja na aina B kwa mwingine ana mwili wenye mchanganyiko: damu yake, ngozi yake, ini lake, vyote huonyesha A na B. Uvimbe wake ukionyesha aina moja peke yake, basi umezaliwa na seli moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa uvimbe wa Burkitt.

Muda mfupi baadaye waliuliza swali la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Uvimbe ukirudi baada ya matibabu, je, ni mabaki ya ule wa kwanza au ni ukoo mpya? Walimpata mgonjwa ambaye uvimbe uliorudi ulikuwa na aina nyingine ya kimeng'enya. Ilikuwa saratani ya pili, iliyoanza upya kwenye seli nyingine kabisa.

Kazi hiyo ilifanywa kwa vinyama vya wagonjwa waliotibiwa Nairobi, zaidi ya nusu karne iliyopita. Leo swali la kwa nini saratani hurudi limekuwa moja ya maswali makubwa ya tiba duniani, lina majarida yake na kampuni zake za dawa, nasi tumegeuka wasikilizaji. Naamini Meru na Embu, pamoja na Tharaka-Nithi iliyo katikati yao, zina sababu nzuri kuliko sehemu nyingi za Kenya za kulidai swali hilo liwe lao tena, na naamini jambo hilo linaanzia kwenye kitu kidogo sana: kinyama kinachokatwa mgonjwa anapoingizwa kamera.

Ukifuata barabara ya Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, si rahisi kupata familia pana isiyojua kansa ya koo au ya tumbo. Habari huanza namna moja. Shosho wa Kianjokoma anaona githeri haipiti vizuri, anageukia viazi vilivyopondwa, kisha uji, kisha chai tu. Mzee wa Kangeta anadhani ni vidonda vya tumbo na kwa miezi kadhaa ananunua dawa za asidi dukani. Anapofika kwenye kamera, uvimbe umeshaziba njia. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2018, Kenya ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani ya umio, hiyo wanayoiita ya koo, takriban 4,400, na vifo vya ugonjwa huohuo vilikaribia kabisa idadi hiyo. Takwimu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasema kwamba karibu kila anayeupata hufa nao. Wengi hawamalizi mwaka.

Kuna wachache wanaobahatika. Wanapasuliwa, au wanawekewa kemo, wanakwenda kuchomwa kwa mionzi Nairobi kwa wiki nyingi wakilala kwa jamaa Githurai au Kahawa. Uvimbe unapungua na uzito unarudi. Kikundi cha WhatsApp kilichoanzishwa kuchangisha pesa kinageuka kuwa cha kumshukuru Mungu. Kisha, baada ya mwaka au miezi minane, mtoto wa mgonjwa anaandika maneno mawili kwenye kikundi hichohicho: imerudi tena. Mchango wa pili haufiki nusu ya ule wa kwanza.

Mbona imerudi? Jirani hulijibu swali hilo kwa namna yake: daktari hakuimaliza, dawa zilikuwa hafifu, mgonjwa alikula nyama nyekundu, mtu ana kinyongo naye. Sayansi ya miaka 30 iliyopita ina jibu lake, na si kamili.

Mwaka 1994 kundi la John Dick, jijini Toronto, lilichukua seli za mgonjwa wa saratani kali ya damu na kuziingiza katika panya wasio na kinga ya mwili. Karibu zote hazikufanya lolote. Seli moja hivi katika kila 250,000 ndiyo iliyoweza kuanzisha ugonjwa mzima ndani ya panya. Mwaka 1997 kundi hilo lilionyesha kwamba seli hizo chache zina alama za seli shina za kawaida za uboho, zile ambazo mwili hutumia kutengeneza damu mpya maisha yote. Mwaka 2003 watafiti wa Michigan walipata jambo la aina hiyo katika saratani ya matiti: seli 100 zilizochaguliwa kwa alama zao zilizaa uvimbe, huku makumi ya maelfu ya seli nyingine za uvimbe uleule zikishindwa. Baadaye ikatajwa saratani ya ubongo, kisha ya utumbo mpana.

Mkulima yeyote wa kahawa anajua nyasi ya sangari. Ukiifyeka, shamba linang'aa kwa wiki mbili, lakini vile vipande vyeupe vilivyobaki chini ya udongo havikuguswa na panga, na mvua ikinyesha vinachipuka vyote. Kemo huua zaidi seli zinazogawanyika haraka, na ndiyo maana nywele hunyonyoka na mdomo hutoka vidonda. Zile seli chache zinazoanzisha uvimbe, ziitwazo seli shina za saratani, mara nyingi hutulia bila kugawanyika, huwa na pampu za kuisukuma dawa itoke nje, na hukarabati upesi chembe zao za urithi zikiharibiwa na mionzi. Picha ya skana inaonyesha uvimbe umekwisha. Kilichobaki ni kidogo mno kuonekana na skana yoyote.

Wazo hili lina nguvu, na kwa sababu hiyo watu wamelikimbilia kuliko linavyostahimili. Mwaka 2008 watafiti wengine wa Michigan walibadilisha aina ya panya na namna ya kupandikiza, wakapata kwamba katika saratani ya ngozi ya melanoma karibu seli moja kati ya nne inaweza kuanzisha uvimbe. Seli nyingi hivyo haziwezi kuitwa kikundi cha siri. Mwaka 2017 wanasayansi wa kampuni ya Genentech waliua seli shina zote zilizotambulika ndani ya uvimbe wa utumbo wa panya. Uvimbe uliacha kukua. Walipoacha kuziua, seli za kawaida za uvimbe ziligeuka kuwa seli shina mpya na mambo yakaanza tena. Kwa hiyo ushina ni hali ambayo seli inaweza kuingia na kutoka, kutegemea majirani zake, kidonda kilicho karibu, hewa na chakula inachopata. Kwa maoni yangu huo ndio ugunduzi muhimu kuliko ule wa kwanza, na ndio unaoturudisha Meru, nitakavyoeleza.

Kwanza dawa. Fialkow, yule wa G6PD, alikuwa ameshatumia kipimo chake kwa saratani sugu ya damu iitwayo CML na kuonyesha kwamba nayo huanzia kwenye seli shina moja ndani ya uboho. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, inayojulikana kwa jina la Glivec, na ugonjwa uliokuwa ukiua kwa miaka michache ukawa wa kuishi nao kwa kumeza tembe kila siku. Wakenya wengi wameipata bila malipo kupitia mpango wa Novartis na Max Foundation. Lakini madaktari wa Ufaransa walipojaribu kuwaachisha dawa wagonjwa ambao kwa miaka miwili hawakuonyesha hata chembe ya ugonjwa, matokeo waliyoyatoa mwaka 2010 yalionyesha kwamba karibu sita katika kila kumi ugonjwa uliwarudia, wengi wao ndani ya miezi sita. Seli shina zilikuwa zimenusurika. Mgonjwa wa Runyenjes anayeona uchovu wa kusafiri kufuata tembe, na akiwa anajisikia mzima kabisa, anahitaji kuelezwa jambo hili kwa lugha anayoielewa, kwa sababu tembe anayoikatiza ndiyo inayozizuia seli hizo.

Upo ushindi mmoja wa kweli. Katika aina moja ya saratani ya damu, APL, dawa mbili, moja ya jamii ya vitamini A na nyingine ya aseniki, huzilazimisha seli changa zikomae na kufa, na wagonjwa walio wengi hupona kabisa hata bila kemo ya kawaida. Kwa saratani nyingine kumekuwa na hasara nyingi. Dawa iitwayo napabukasini ilitangazwa kuwa kiboko cha seli shina. Ilijaribiwa kwa zaidi ya wagonjwa 700 wa saratani ya tumbo na ya sehemu ambapo umio hukutana na tumbo, yaani ugonjwa wetu hasa. Waliopewa hawakuishi zaidi ya wenzao. Metformini, tembe ya kisukari iliyo katika kila zahanati kutoka Maua hadi Siakago, iliua seli shina za saratani ya matiti maabarani. Jaribio la wagonjwa 3,649, lililochapishwa mwaka 2022, halikuona faida yoyote kwa kuzuia saratani kurudi.

Na kuna habari ya dawa ya kuku. Mwaka 2009 watafiti wa eneo la Boston walizipima kemikali 16,000 wakitafuta inayoua seli shina za saratani ya matiti. Iliyoshinda ilikuwa salinomisini, ambayo wafugaji huijua kama dawa inayochanganywa katika chakula cha kuku kuzuia ugonjwa wa kuhara damu. Maabarani ilipunguza seli hizo zaidi ya mara 100 ikilinganishwa na paklitakseli, dawa ya kawaida ya kemo. Naitaja kwa wasiwasi. Salinomisini ni sumu: huua farasi, na binadamu anayeimeza anaweza kuharibika misuli na kulazwa mahututi. Imekaa maabarani miaka yote hii kwa sababu hiyo. Asiwepo mtu atakayesoma aya hii na kwenda dukani kwa dawa za mifugo.

Onyo hilo nalitoa kwa sababu soko la matumaini limejaa. Video za dawa za minyoo zinazoponya kansa hupita katika simu za wazee wetu kila wiki. Wako wanaouza vidonge vya "stem cell", yaani seli shina, kwa mtindo wa kuunganisha wanachama, wakikutana na wateja hotelini na kuwaahidi kwamba vidonge hivyo vitajenga upya ini, figo na matiti. Seli shina za saratani ndizo adui katika utafiti ninaoueleza, na hakuna kidonge cha kumeza kinachopeleka seli shina nzuri mahali penye uvimbe. Anayemuuzia mjane wa Mbeere kikopo cha maelfu ya shilingi kwa maneno hayo anamwibia, na polisi wangepaswa kumkamata kama wanavyomkamata muuzaji wa mbolea bandia.

Sasa nirudi kwenye umio. Mwaka 2021 kundi la kimataifa lilichapisha usomaji wa chembe zote za urithi za saratani za umio 552 kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Tanzania na Malawi. Walitarajia kwamba sehemu zenye ugonjwa mwingi zingekuwa na alama ya kemikali fulani, kama moshi wa sigara unavyoacha alama yake katika saratani ya mapafu. Hawakuipata. Uvimbe wa sehemu zenye wagonjwa wengi ulifanana sana na ule wa sehemu zenye wachache. Miaka mitatu kabla, watafiti wa Cambridge walikuwa wameonyesha kwamba umio wa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote umejaa koo za seli zilizobadilika urithi. Kufikia umri wa makamo, zenye mabadiliko katika jeni ya NOTCH1 hutawala sehemu kubwa ya utando wake. Sote tunatembea na seli hizo na wengi wetu hatuugui.

Ukiziweka tafiti hizo pamoja na ule wa panya wa 2017, swali linageuka. Tulizoea kutafuta sumu inayoiharibu seli. Huenda kinachotafutwa ni kinachoiamsha seli iliyokwisha kuharibika: kidonda kinachojirudia, joto, mwasho wa muda mrefu, upungufu wa lishe. Chai na uji vinavyonywewa vikitoka jikoni vinaangukia hapo moja kwa moja. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliviweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani, na utafiti wa Eldoret ulipata kwamba wanaovinywa vikiwa vya moto zaidi wako katika hatari zaidi. Sisi tunaoishi karibu na viwanda vya chai vya Mungania na Rukuriri tunajua chai inavyotolewa hapa. Mgeni akipewa ya vuguvugu huona amedharauliwa. Kuiacha ipoe dakika tano hakugharimu chochote, na ni ushauri ninaoutoa bila kusubiri utafiti mwingine.

Kuhusu kutafuna muguka na miraa sina ujasiri huo. Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, wakulima wa Mbeere walijitetea kwa nguvu, na katika kelele zile kila upande ulikuwa na daktari wake. Tafiti zilizopo haziruhusu hukumu ya kwamba majani yenyewe husababisha saratani ya koo, wala haziruhusu kuyasafisha, kwa kuwa watafunaji wengi pia huvuta sigara, hunywa pombe na hutafuna majani yaliyonyunyiziwa dawa za wadudu. Anayetaka kujua atahitaji vinyama vya waliotafuna na vya wasiotafuna, kutoka vijiji vilevile.

Na vinyama hivyo haviko. Vile vya Kenya katika ule usomaji wa 552 vilitoka upande wa Eldoret, ambako Chuo Kikuu cha Moi kimekuwa kikikusanya kwa miaka. Eldoret inastahili sifa, sawa na Hospitali ya Tenwek kule Bomet, iliyojijengea jina kwa kupima umio na kuweka stenti wagonjwa waweze kumeza. Upande wetu wa mlima ulianza mapema pia. Mwaka 2001 jarida la saratani la Uingereza lilichapisha makadirio ya saratani ya tumbo mashariki mwa Kenya, kazi iliyoanzia kwenye kamera ya hospitali ya Chogoria, na ilionyesha kwamba ugonjwa huo si adimu kama vitabu vilivyodai kuhusu Afrika. Tulipewa nafasi ya kuanza utafiti mrefu. Haikufuatwa inavyostahili.

Saratani ya tumbo ni mfano mzuri wa tunachokosa. Bakteria wa Helicobacter pylori wamo katika matumbo ya Waafrika wengi, na wengi hawapati saratani. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba katika panya walioambukizwa bakteria wa jamii hiyo kwa muda mrefu, seli kutoka kwenye uboho zilihamia tumboni kukarabati vidonda na hatimaye zikageuka saratani. Je, ndivyo inavyokuwa kwa binadamu wa Imenti Kusini? Panya hawezi kujibu, na uvimbe wa Mjapani unajibu nusu. Dawa zinazolenga seli shina zilijaribiwa kwa sehemu kubwa juu ya seli na wagonjwa wa Asia, Ulaya na Marekani. Ikiwa hali ya ushina hutegemea mazingira ya seli, na mazingira ya tumbo la mtu wa hapa ni tofauti, basi dawa iliyoshindwa kule huenda ikashindwa au kufaa hapa kwa sababu ambazo hakuna aliyezitazama.

Najua jibu nitakalopewa. Mgonjwa wetu hana mofini ya kutosha. Hospisi ya Meru inahudumia watu wengi kwa rasilimali kidogo. Mashine za mionzi hufuatwa kwa safari. SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, bado inawachanganya wagonjwa hata kwenye dirisha la kusajiliwa. Katika hali hiyo, kuzungumzia hifadhi ya vinyama ni anasa.

Ningekubali kama maabara ya tiba na maabara ya utafiti zingekuwa mbili. Ni moja. Kinyama kikikatwa katika hospitali ndogo huingizwa kwenye kichupa cha fomalini, na mara nyingi jamaa hukibeba mwenyewe mkobani hadi maabara ya mjini au Nairobi, kisha familia inangoja. Wiki zinapita. Uvimbe hauzingoji. Mtaalamu wa patholojia akiajiriwa Meru na mwingine Embu, wakiwa na wasaidizi na vifaa vya kukata na kutia rangi, jambo la kwanza litakalotokea ni majibu kutoka ndani ya siku chache na kemo kuanza mapema. Hifadhi ya utafiti inahitaji mtu huyohuyo, meza hiyohiyo, daftari hilohilo. Kinachoongezwa ni kipande cha pili, kidogo kama punje ya mchele, kinachogandishwa kabla hakijafa.

Watu husema kwamba kugandisha kunahitaji teknolojia ya ng'ambo. Naitrojeni ya kimiminika, baridi kuliko nyuzi 190 chini ya sifuri, hufika Igoji na Manyatta kwa pikipiki kila siku, ndani ya mitungi ya wale wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu kutoka Kabete. Tumeweza kuhifadhi mbegu ya fahali hai kwa miaka na kuifikisha kwenye zizi la mama mwenye ng'ombe mmoja. Mtungi wa aina hiyohiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Meru na mwingine katika ile ya Embu ungetosha kuanzia. Chuo Kikuu cha Embu, cha Chuka na cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vina wanafunzi wa biolojia wanaosafiri Nairobi kutafuta mada za utafiti. Makerere, Uganda, tayari ina hifadhi kubwa ya sampuli za binadamu inayoweza kuwafundisha kazi.

Jambo ambalo halipaswi kurudiwa ni namna ya zamani. Seli za mgonjwa wa Nairobi wa 1967 zimesafiri na kuuzwa bila sisi kuwa na neno. Familia ya Henrietta Lacks wa Marekani, ambaye seli zake zilichukuliwa mwaka 1951 bila idhini yake, ilipata suluhu na kampuni moja mwaka 2023, baada ya miaka 72. Kenya sasa ina sheria ya afya ya 2017 na ya ulinzi wa data ya 2019, na utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Sheria hizo zitumike. Sampuli ibaki Kenya, na ikisafiri isafiri kwa mkataba unaotaja itarudi na nini: mafunzo, matokeo, sehemu ya faida, na haki ya wagonjwa wa hapa kuingizwa katika majaribio ya dawa inayotokana nayo.

Ombi lenyewe linaweza kusemwa kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili kabla mgonjwa hajaingizwa kamera. Mama, tutakata kinyama cha kujua ugonjwa wako, hicho ni chako na majibu yake ni yako. Tungeomba kingine kidogo cha kujifunzia kwa nini ugonjwa huu hurudi. Hakitakusaidia wewe leo. Ukikataa, utatibiwa vilevile. Nimesikia wakubwa wakidai kwamba watu wa vijijini hawawezi kuelewa hayo. Watu hawahawa hukaa kwenye mkutano wa chama cha ushirika na kuhoji senti za kahawa hadi jioni.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai, na kabla ya hapo kila kaunti lazima iwaite wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti. Vikao hivyo hujaa maombi ya barabara na mabomba ya maji, nayo ni ya haki. Meru, Embu na Tharaka-Nithi zikiungana, ombi la saratani lingekuwa na vifungu vinne: mshahara wa wataalamu wawili wa patholojia, mitungi miwili ya naitrojeni pamoja na gharama ya kuijaza, muuguzi wa kuomba idhini na kuwafuatilia wagonjwa kwa simu kila baada ya miezi mitatu, na karani wa kuingiza kila kisa katika sajili ya saratani, aliyepona na aliyerudiwa.